Kisu Kilichofungwa Juu ya Furushi

Arusha, mwezi wa saba, 1915

Kwa kaka yangu Loishiye, kituo cha gari la moshi, Korogwe.

Shikamoo kaka. Kabla hujaendelea kusoma, fungua kwanza furushi. Jamaldini, mchukuzi aliyekuletea barua hii, nimemwagiza asikupe barua bila furushi wala furushi bila barua. Juu yake kuna kisu kimefungwa kwa kamba. Kichomoe, ukate nacho ushonaji wa gunia, maana nimeushona kwa uzi wa ngozi na hautafunguka kwa kucha. Ndani utakuta tumbaku, kibuyu cha samli ya yeyo, mama yetu, na nyama iliyokaushwa. Kata kipande cha nyama, tafuna taratibu, ndipo usome. Mimi nakungoja hapahapa.

Haya. U mzima kaka? Kifua kinasemaje na moshi wa hilo gari unalolilisha kuni kutwa? Na shingo lako, bado linakuuma asubuhi za baridi? Huku baridi ya mwaka huu si ya mchezo, mlima hatujauona siku tisa sasa. Yeyo hajambo, mguu wake umepona, anakusalimu sana na anauliza kama huko kuna mtu wa kukupikia au unakula kiaskari. Baba naye mzima, na sauti yake ndiyo nzima kuliko viungo vyote. Utayasikia yake mbele. Ng'ombe wako mwenye baka jeupe kazaa ndama jike. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichonifundishia herufi. Tena haya ninayotaka kusema, nikiyaandika kwa lugha yetu naona kama baba amesimama nyuma yangu anasoma, na wewe unajua hajui hata a.

Kubwa ni kwamba mdogo wako ana kazi, tena kazi ya maana. Wewe mwenyewe unaona mabehewa yanavyopanda huku matupu. Tangu vita ianze hakuna meli, na pasipo meli hakuna jembe jipya, hakuna msumari, hakuna hata sindano. Basi watu wa boma wakatangaza kwamba chuma chochote kisitupwe. Wakatoa kiwanja kando ya mto Naura, wakamweka pale mzee mmoja wa Tanga, fundi bati aitwaye Shomari, awe mkuu wa kukusanya na kuchambua. Shomari akatafuta vijana. Nilipofika aliniuliza najua nini kuhusu chuma. Nikamjibu kwamba sijui kitu ila najifunza upesi kuliko wote waliosimama pale. Akacheka, akanipa gunia.

Leo, kaka, muulize yeyote kando ya Naura nani anajua chuma. Nikigonga kipande nasikia kwa mlio kama kinafulika au ni kile cha kumiminwa, ambacho ukikipiga kinapasuka kama chungu. Naweka kila kitu lundo lake: bati huku, shaba huku, springi za magari ya ng'ombe peke yake maana hizo ndizo zenye makali. Madebe ya mafuta ya taa Shomari anayakata taa, ndoo na mabakuli. Risasi ya kuunganishia madebe tunaiyeyusha tunaikusanya, haipotei hata tone. Maganda ya risasi za bunduki tunaletewa kwa magunia kutoka Longido walikopigana mwaka jana, nayo yanakuwa vitasa. Mabibi wa Tengeru wanateremka na majembe yaliyolika mpaka yamebaki ukubwa wa kiganja, na majembe mawili mabovu yanatoa moja zima. Siku nilipoona la kwanza limetoka nilifurahi hata nikasahau kula.

Usicheke, na hili nalo ni langu. Niliwahi kupanda peke yangu mpaka Oldonyo Sambu, kwa Kaburu mmoja anayejulikana kwa mbwa wake. Nilisikia ana pete za chuma za magurudumu ya magari yake ya zamani, kazichimbia chini kuzungushia vitunguu. Mbwa wakanipandisha juu ya ukuta, nikazungumza na bwana yule nikiwa hukohuko juu. Nikamwambia jembe lake la kukokotwa na ng'ombe nimeliona limevunjika ulimi, na kwamba akinipa pete zile nitamrudishia ulimi mpya kabla mwezi haujafa. Niliteremka na pete nane. Shomari alinizunguka mara mbili akiniangalia, akasema wallahi kijana huyu atauza mkia wa simba simba akiwa macho.

Lakini ulimi wa jembe haufuliwi na fundi bati, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Shomari ni mtu wa pwani, hana habari na miiko yetu. Aliuliza nani anafua chuma nchi hii, akaambiwa ni wale tunaowaita ilkunono, ukoo wa wahunzi. Akaagiza aletwe aliye bora. Akaja mzee Kasaine, na mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi, na fuawe lake la jiwe, na nyundo alizozifua mwenyewe. Watu wote wa kwetu pale kiwanjani wakasogea upande wa pili, utadhani kaingia chui. Nami nilisogea, sikufichi. Wewe na mimi tumelelewa nyumba moja. Tuliambiwa kwamba chuma kilichotoka mkononi mwa mhunzi hakishikwi mpaka umepaka mikono mafuta ya kondoo, vinginevyo damu yake inakuingia na nyumba yako haitapata heri. Hatukuambiwa kwa nini, na sisi hatukuuliza.

Shomari akataka mtu wa kupiga nyundo kubwa. Kasaine anashika chuma cha moto kwa koleo mkono wa kushoto, anaonyesha mahali kwa nyundo ndogo mkono wa kulia, na mwenzake anashusha ile kubwa palepale. Nguvu zangu unazijua, nikachaguliwa. Kwa kuwa nyundo ile aliifua yeye, nilikwenda pembeni nikajipaka mafuta, tena si kidogo, mpaka viwiko. Kasaine aliniona. Mapigo matatu yalikwenda vizuri. La nne, mpini uliteleza, nyundo ikaniponyoka, ikashuka juu ya mkono wake wa kushoto. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Kaka, mzee yule hakupiga kelele. Aliketi chini, akaangalia mkono wake, kisha akaangalia yangu inayong'aa mafuta. Mimi nilitaka ardhi inifunike. Katika maisha yangu sijaona aibu kama ile, na mpaka leo nikiikumbuka uso unaniwaka.

Na majembe ya watu yalikuwa yanangoja, mvua haziulizi mkono wa nani umevunjika. Basi alipokwisha kufungwa vijiti na mganga wa mifupa, nilimwendea nikamwambia kwamba mkono nimeuvunja mimi, kwa hiyo mkono wake nitakuwa mimi. Akaniambia jambo moja tu, nikanawe kwa majivu mpaka mafuta yote yatoke. Nikanawa. Nikashika koleo lake kwa mikono mitupu mbele ya watu wote wa kwetu. Wengine walitema mate. Siku ile nililala nikijipapasa kama nina homa, asubuhi nikaamka na njaa tu.

Kwa miezi minne nimekuwa mkono wa Kasaine. Yeye anakaa kwenye kigoda ananielekeza, akitukana nikikosea, na mimi napiga. Najua sasa rangi ya chuma kinapoiva, najua wakati wa kukizamisha majini na wakati wa kukiacha kipoe chenyewe. Sikutegemea kupenda kazi hii, lakini naipenda kweli kweli. Kitu ambacho mtu kakitupa njiani unakitia moto, na kesho yake mama anakwenda nacho shamba. Yeyo mwenyewe nilimpelekea jembe. Nilikuwa nimeweka kibuyu cha mafuta kando, nikidhani atajipaka kwanza. Hakukigusa. Alilipokea jembe kwa mikono mitupu, akaenda zake kupalilia maharage. Nililia nyuma ya zizi, na hilo usimwambie mtu.

Kwa kuwa Kasaine ana mkono mmoja tu mzima, anayekuja kuvuta mivukuto ni binti yake, Nosim. Nilijua utafika hapa ukaanza kutikisa kichwa, lakini vumilia. Siku ya kwanza aliyonisemesha, aliniuliza kama kwetu nyundo hukamuliwa maziwa, maana haoni sababu nyingine ya kuipaka mafuta. Watu walicheka mpaka Shomari akaweka chini kikombe. Mimi, mtu wa maneno, nikainama kupanga makaa. Siku ya pili nikajibu, na siku ya tatu naye akajibu, na tangu hapo hatujanyamaza. Nimekula kwao. Nimelala kwao siku za mvua. Ugali wao ni ugali, kaka, na watoto wao wanalia kama wa kwetu. Nampenda Nosim, naye ananipenda, na haya siyaandiki kwa kunong'ona.

Nilimwendea baba nikamwambia. Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alisema kwamba hatabeba asali ya posa kwenda lango la mhunzi maadamu miguu yake inagusa ardhi, na kwamba nikitaka kwenda niende, lakini nisitaje jina lake huko. Nikaenda peke yangu na asali yangu. Kasaine akanirudisha nayo. Alisema mkono wake alikwisha nisamehe zamani, na kazi yangu anaisifu mbele ya yeyote, ila binti yake si chuma chakavu cha kuokotwa njiani na mtu asiye na ndugu. Niende, nirudi na mtu wa nyumba yetu. Amenipa mpaka mvua za vuli. Zikinyesha bila mtu kuja, atakubali posa ya wahunzi wenzake wa upande wa Longido. Na kwa kweli ana haki. Ningekuwa yeye ningesema vilevile.

Sasa weka nyama chini, nikuambie la kisu.

Kisu hicho si cha duka la Mdachi. Nimekifua mimi. Umekichomoa, umekatia gunia, umekatia nyama ukala, na mikono yako mitupu. Nimekufanyia hila na naomba radhi, ila mkono wako uangalie: vidole vitano vyote si vipo?

Kabla hujakasirika, kaa nalo hili. Mwezi wa tano watu wa boma walileta kiwanjani kasha la minyororo mibovu, ile ya shingoni ya wafungwa, iliyoliwa na kutu, tuigeuze bawaba za magari. Ilikuwa kazi yangu kuichambua. Katika kufungua pete moja moja nikaikuta yenye msumari wa shaba uliopigwa vibaya, kichwa chake kimetokeza ndani. Nilikaa chini palepale. Miezi mitatu uliyotembea mnyororoni kwa kukataa kazi ya barabara, mimi ni mdogo nakuletea maji, wewe mwenyewe uliniambia pete yako ina msumari wa shaba unaokula chini ya sikio la kushoto. Na alama yake unayo. Nikamwonyesha Shomari. Akaniambia nitie kwenye kasha chuma kingine cha uzito uleule, naye akageuka kumwaga chai.

Kisu kimetoka katika pete hiyo. Makali nimeyatia kipande cha tupa, maana chuma cha mnyororo ni laini, hakikati kitu. Ule msumari wa shaba utauona kwenye mpini. Sasa umepigwa sawa, pitisha kidole, haukwaruzi.

Ile pete ulikaa nayo shingoni miezi mitatu, kaka. Hukupakwa mafuta kabla ya kuivaa. Ulipotoka, baba alichinja kondoo, akakupaka mafuta yake, akasema yamekwisha, ukaingia nyumbani ukakaa nasi. Wala hakuna aliyesema wewe si wa kwetu tena. Kama kondoo mmoja alimaliza chuma cha Mdachi, kilichokufunga, mbona asimalize cha Kasaine, kinacholima shamba la yeyo? Hili baba nilimwuliza. Alinyamaza. Naamini ukimwuliza wewe, ukiwa umesimama mbele yake na shingo lako hilo, atashindwa kunyamaza. Na akinyamaza, basi wewe ni mzaliwa wa kwanza, unaweza kubeba asali badala yake. Njoo kabla ya vuli. Kondoo nimekwisha mnunua, yuko kwa yeyo, naye yeyo anamnenepesha bila kuuliza ni wa nini.

Kama huwezi, sitakuchukia. Mrudishie Jamaldini kisu, nitaelewa, na usijisumbue kuandika. Akirudi mikono mitupu nitajua unakuja, nami nitaanza kuchemsha asali.

Nisalimie wenzako wote wa kwenye gari, na mwenye nyumba wako. Yeyo anasema samli usiile yote siku moja. Ndama wako anangoja umpe jina, na Nosim anakupa shikamoo kwa ujasiri wake mwenyewe, hajakuona wala hajaruhusiwa.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Lekishon, mhunzi.