Jiwe la Wanja la Bibi

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimerudi kutoka shuleni hoi. Madaftari themanini ya kemia! Nikamkuta Bibi kibarazani na kinu kidogo, anatwanga wanja wa arobaini ya Amjad, mtoto wa dada yangu Shahida. Ijumaa anatolewa nje. Jiwe ameletewa na Kahonzi, muuza nazi wa Kakuyuni. Nililishika. Dogo, lakini zito mno! Linang'aa kama bati jipya. Laini pia, sarafu inalikwaruza. Likivunjika, linatoa vipande kama vijisanduku vidogo, pembe sawasawa.

Nalijua. Nalifundisha darasani. Jiwe la madini ya risasi.

Jumanne, 4 Juni
Nilimweleza Bibi. Jiwe hili huyeyushwa, likatengenezwa betri za gari na chubwi za kuzamisha nyavu. Halipakwi jichoni—risasi huingia damuni, huharibu ubongo wa mtoto.

Akacheka. "Nawe nilikupaka, ukafika chuo kikuu. Ubongo gani ulioharibika?"

"Labda ule wa kutafuta mume!" akasema Kahonzi, aliyekuja na nazi zake.

Walicheka hadi machozi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwibia bibi yangu. Alipokuwa akiswali alasiri, nilimwaga wanja wake, nikajaza kichupa masizi ya utambi yaliyokorogwa na samli. Jiwe nimelificha kabatini. Shahida sikumwambia. Yeye kwa Bibi ni "labeka" tu, hakatai neno.

Ijumaa, 7 Juni
Ubani, wageni, halua. Bibi alichovya kijiti, akausugua ule wanja kati ya vidole. Akanitazama. Kisha akampaka Amjad.

Wageni walipoondoka aliniita. "Masizi hayang'ai, mwanangu. Leo umenishinda. Lakini nampaka tangu siku ya saba, kila akitoka kuoga."

Siku thelathini na tatu! Nami nalala chumba cha pili. Natoka alfajiri, narudi nimechoka, sikuchungulia hata mara moja.

Jumatatu, 10 Juni
Naandika benchini, hospitali. Damu ya Amjad itapelekwa Mombasa, majibu hatujui lini. Shahida hasemi nami tangu nilipomweleza yote. Amjad analia, macho yameoshwa, meupe pee.

Bibi amekunja mkono wa buibui hadi kiwiko. "Nipimeni na mimi. Wanja huu nimeupaka tangu nikiwa mwari."

Muuguzi kauliza nani aanze. Bibi kanigeukia, hacheki tena.

"Anza wewe. Wewe ndiye niliyekupaka zaidi."

Muuguzi ameshika sindano. Mimi bado naandika.