Klauni Wamekataa Anemoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimelisha samaki, nimepangusa kioo cha tangi, nimeongeza maji hadi alama ya kalamu. Siku ya kumi na mbili hii. Klauni wangu wawili, samaki wadogo wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, bado wamejibanza pembe ya kushoto, juu kabisa, karibu na kiti cha Baba. Anemoni iko kulia, imeshika jiwe, vidole vimefunguka vinene kama tambi. Ukiiona utadhani ni ua, kumbe ni mnyama. Klauni baharini huishi humo. Wanajisugua, wanalala, wanataga pembeni yake. Hawa wangu hata hawaiangalii.

Aliyeniuzia alisema wataingia baada ya siku mbili tu. Nilimtilia shaka tangu aliponiita dadangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma kwenye simu: bandika picha ya klauni wakiwa ndani ya anemoni, wataiga. Nimebandika. Baba aliuliza nagongagonga nini kwenye kioo. Nilipomweleza alicheka hadi akakohoa. Amechonga twiga na vifaru kule Wamunyu miaka nenda miaka rudi, hadi macho yakamwisha. Sasa anaona mwanga na vivuli. Tangu tumzike Mama anaishi nami hapa Shauri Moyo.

Picha haijasaidia kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna mtu anashika tangi langu.

Mkeka ulio chini ya tangi umelowa upande wa kushoto. Kifuniko kimerudishwa kinyume, tundu la waya linaangalia ukutani. Anemoni imesinyaa. Na siku ya kwanza nilitangaza, nikasikika hadi nje: mkono wa mtu usiingie mle, mafuta ya ngozi ni sumu kwao.

Nimemuuliza Baba kama ameona kitu. Akasema, "Mimi naona nini, Mwikali?"

Ufunguo wa pili wa nyumba anao mtu mmoja. Mama Awino, jirani wa mlango unaofuata. Mimi nikiwa kazini anakuja saa sita kumpashia Baba chakula na kuhakikisha amemeza dawa. Asubuhi anakaanga chapati langoni. Mikono yake ni mafuta matupu.

Jumapili, 9 Machi

Mahubiri yamenipita. Mama Awino aliketi safu mbili mbele yangu na nilikuwa naangalia mikono yake tu. Anapiga makofi kama mtu asiye na neno.

Mchana niliwafungia klauni pamoja na anemoni chini ya kichujio cha plastiki cha kuoshea mboga. Saa nne nzima. Wakakaa mbali nayo kama wakwe waliokosana. Nilipoinua kichujio walitoka mbio hadi pembe yao ileile. Wanafuata nini huko? Hakuna jiwe. Hakuna mkondo wa pampu. Hakuna chochote.

Baba ameuliza kwa nini nawalazimisha. Nikamwambia ndiyo nyumba yao, hawajajua tu.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nilinyunyiza unga wa ngano juu ya kifuniko. Kidogo sana, hauonekani. Jioni umepanguswa wote. Mkeka mbichi tena.

Sina wazimu basi. Leo tena Mama Awino ameniuliza samaki wanaendeleaje. Tangu lini anajali samaki?

Jumatano, 12 Machi

Nimemaliza. Nilimwendea langoni, wateja wakiwa wamesimama. Nikamwambia anatia mikono yake ya mafuta kwenye maji yangu, na anirudishie ufunguo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alijifuta mikono na leso, akaingia kwake, akaniletea ufunguo.

"Mzee atapashiwa chakula na nani?" akauliza.

Nikasema tutajipanga. Mtu asiye na hatia angebisha, au sivyo? Hasira zimenishika hadi sasa, na sijui namkasirikia yeye au nafsi yangu.

Baba hakugusa chakula jioni.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya pili Baba anashinda peke yake. Chakula namwachia kwenye hotpoti, dawa kwenye kisosi. Jioni nimekuta kidonge chini ya kiti na mchuzi umemwagika kwenye shati lake. Ndugu yangu Kioko amepiga simu kutoka Wamunyu na Baba akamweleza kila kitu. Kioko amesema kama mambo ni hayo, atakuja Jumamosi ijayo kumchukua. Sitaki. Nyumba hii bila Baba ni pahali pa kulala tu. Nimelia jikoni, bomba likiwa wazi asinisikie.

Halafu nikaja kuangalia tangi. Mkeka umelowa.

Funguo zote mbili zimeshinda kwenye mkoba wangu.

Jumatatu, 17 Machi

Niliomba ruhusa kazini. Saa sita nikatembea kutoka Industrial Area hadi nyumbani, jua la utosi. Nikafungua mlango polepole kama mwizi.

Baba alikuwa kitini, mkono wa shati umekunjwa hadi begani, mkono wake ndani ya maji. Klauni walikuwa kiganjani mwake. Wote wawili. Yule mdogo amelala ubavu chini ya kidole gumba. Mkubwa anajisugua kwenye sugu za patasi, anaondoka, anarudi. Baba anavichezesha vidole taratibu, jinsi anemoni inavyofanya.

Nilisimama mlangoni, funguo mkononi.

"Wanakuja wenyewe," alisema bila kugeuka. "Naosha kwanza kwa maji matupu, sitii sabuni."

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema nilikataza. Akasema mchana ni mrefu. Kisha akautoa mkono, maji yakatiririka kwenye mkeka.

"Umemtukana mtu kwa mkono wangu, Mwikali."

Jumanne, 18 Machi

Nimemwomba Mama Awino msamaha palepale langoni, wateja wakisikia, maana ndipo nilipomwaibishia. Alikuwa anajua yote. Ndiye aliyekuwa akimmiminia Baba maji ya kunawa na kupangusa sakafu. Baba alimwomba asiseme, naye hakusema, hata nilipokuwa nampigia kelele.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ufunguo wako sichukui tena."

Nikaurudisha mkobani.

Nikamwambia Baba aendelee, aweke mkono kila siku, hata mikono yote miwili, anemoni ikitaka ife. Baadaye akasema aliugusa ule unga. Vidole vyake havikosi kitu, akajua ni mtego na akangoja nije kwake. "Ukamwendea yeye," akasema. Ameomba nimwambie Kioko aje.

Jumamosi, 22 Machi

Kioko alifika saa nne. Alibeba sanduku, nami nikabeba blanketi na dawa. Baba alinawa, akakaa kitini, akatia mkono. Kioko alitaka kusema tutachelewa, nikamkazia macho. Klauni walikuja upesi, yule mdogo kwanza. Hakuna aliyemharakisha mzee.

Mlangoni nilimuuliza kama bado ana hasira nami. Akasema hana. Amechoka tu kukaa kwa kujificha. Mama Awino alitoka kumuaga, akampa chapati za njiani zimefungwa kwenye gazeti. Mimi na yeye tulisalimiana tu.

Alhamisi, 27 Machi

Klauni wanazunguka pembe ya kushoto tangu asubuhi. Nimenawa kwa maji matupu, nikatia mkono wangu, nikauacha hadi ukafa ganzi. Mkubwa aliniuma. Mdogo hakuja kabisa.

Alhamisi, 3 Aprili

Wamo ndani ya anemoni. Nimerudi kazini nikawakuta, wote wawili, vidole vimewafunika hadi shingoni. Wametulia. Ni kama kwenye picha, hata wazuri zaidi. Nilikaa kwenye kiti cha Baba nikawatazama bila kuvua viatu.

Nimempigia. Ameniuliza kama wanakula, nikasema wanakula. Ameniuliza wako wapi. Nikamwambia bado wako pembeni, upande wako, Baba, wanakungoja.

Akaniomba nisogeze simu kwenye maji, asikie. Nimeisogeza.