Gari Lako Lililo Mlangoni

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo. Natumaini kile kikohozi kimekuacha ulale, na kwamba mguu wa wifi umepona. Huku tuko wazima. Baba anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaijua: ukinong'ona jikoni, sebuleni wanakujibu.

Umeniambia umepata mtu wa kulinunua gari lako, na kwamba atakuja Jumamosi kulichukua. Subiri kwanza nikusimulie.

Timu yetu imechukua kombe. Hilo najua limekufikia. Baba alisikiliza fainali kwenye redio, na televisheni imewashwa mbele yake bila sauti. Siku hizi ndivyo anavyopenda. Anasema watangazaji wa televisheni ni wavivu, wanakuachia kazi yote, lakini wa redio wanakula kwa jasho lao. Nilicheka tu.

Kesho yake tukabandikiwa matangazo kwenye nguzo za umeme: wachezaji watapita mtaani kwetu na kombe, kwa hiyo gari lolote lisiegeshwe barabarani, na litakalokutwa litavutwa. Majirani wote wakatii. Baba peke yake akakaza shingo. Alimwambia askari wa maegesho kwamba gari la mwanawe halijawahi kumzuia mtu, na kama ni kuvuta, wamvute yeye kwanza. Kaka, niliona aibu. Nikamshika mkono nikamwingiza ndani kama mtoto. Fundi cherehani akakaa kwenye usukani, mimi na jirani yetu nesi tukasukuma, ndala zikitutoka, hadi uwanja wa shule. Injini ya gari lako ilikufa zamani, lakini uzito haujapungua hata kidogo.

Alasiri Baba akatoka kwenda kununua mkate, kama kila siku. Hataki kusindikizwa, unamjua. Basi la wachezaji likapita, nikapunga mkono mpaka bega likauma. Umati ulipopungua ndipo nilipokumbuka kwamba mkate haujafika.

Nilimkuta mwisho wa mtaa, mbali kabisa na mlango wetu, ameketi ukingoni mwa barabara. Mtu alikuwa amemvisha bendera ya timu shingoni. Alikuwa amekumbatia mkate, umebondeka wote. Nikaanza kumgombeza kwa hofu niliyokuwa nayo. Yeye akaniuliza taratibu gari la kaka yangu litarudishwa lini.

Hapo ndipo aliponiambia. Kaka, Baba haoni. Anaona mwanga na vivuli, basi. Ni zaidi ya mwaka sasa, na mimi ninayemfulia na kumpikia sikujua. Akitoka dukani hupitisha mkono kwenye magari yaliyoegeshwa: pikapu ya fundi yenye kamba, kigari cha nesi chenye turubai, kisha lako, lenye kioo cha pembeni kilichofungwa waya. Akigusa ule waya anageuka kulia, yuko nyumbani. Siku ile mtaa ulikuwa mtupu. Akaupita mlango wake mwenyewe, na kwa aibu hakumuuliza mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu wetu kaumbuliwa na kombe.

Nililia pale pale katikati ya washangiliaji, wakadhani ni furaha.

Aliniapisha nisikwambie. Anaogopa utakuja kumchukua umweke kwenye ghorofa lako, ambako hakuna kitu mkono wake unachokijua. Nesi anasema jicho moja huenda likatibika, na hospitali nitampeleka hata akigoma. Lakini nakuomba sana, mzuie huyo mnunuzi. Na ukipiga simu usimuulize habari za macho. Muulize ya fainali, atakusimulia kila goli.

Gari tulilirudisha jioni ile ile. Tulilisukuma mbele, tukalisukuma nyuma, mpaka Baba, akiwa ameshika ule waya, aliposema hapo hapo.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na watoto uwavute masikio kidogo. Baba ameisikia kalamu yangu akauliza ninamwandikia nani. Anakusalimu. Anasema nikwambie gari lako ni zima, halijamwangusha hata siku moja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba