Filamu Yetu ya Kijerumani

Mama Rehema, mke wangu,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zimelala upande, usinicheke huko uliko. Mwalimu wangu angenichapa, lakini yeye kafa na mimi nipo.

Jumamosi ni arobaini yako, tunakusanyika ukumbini hapa mtaani kwetu Alby, huku kwa Waswidi. Rehema kaja kutoka Tumba na ile filamu yako ya Kijerumani, ya nyimbo nyimbo, ya binti wa mwenye kinu cha kusaga unga na bwana mkubwa aliyejifanya mtunza bustani. Anataka watu waitazame. Nikamwambia vyema, nipeni kipaza sauti, nitatafsiri. Akasema, "Pappa, acha. Kuna maandishi ya Kiswidi chini, watu watasoma."

Mimi! Mimi niliyetafsiri filamu za Wachina kwenye vibanda vya video Kampala, watu wakaacha mpira! Kijerumani sijui, sawa. Kwani Kichina nilikijua?

Wewe unakumbuka. Jumapili, chai ya tangawizi, miguu yako mapajani mwangu, umechoka kusafisha ofisi za Kista. Nakueleza kwamba yule mzee wa masharubu anaimba kwa hasira kwa sababu ng'ombe wa mahari wamekonda. Mwisho yule binti na bwana wake wanakumbatiana, unauliza, "Mbona wanakumbatiana, na mahari imekataliwa?" Nakwambia wanaagana. Ulicheka hadi chai ikamwagika. Miaka yote uliuliza vile vile, na mimi nikajibu vile vile.

Juzi nilibishana na Rehema mpaka akalia. Akasema, "Pappa, Mama alikuwa anayasoma yale maandishi. Alijua wanaoana. Alinikataza nisikwambie. Alisema hadithi yako ndiyo tamu."

Nikakaa chini. Mama Rehema. Hata siku moja hukunisahihisha.

Basi nimeamua, na mimi nikiamua unanijua. Maandishi Rehema atayazima, kakubali. Nitashika kipaza sauti, ng'ombe watakonda, mzee atafoka, na ukumbi mzima utacheka kama ulivyocheka wewe. Ila pale mwisho, wakishakumbatiana, nitasema lile ulilokuwa ukingoja niseme: mahari imepokelewa, jamani, hawa hawaagani.

Na mimi sikuagi. Pumzika, mke wangu. Jumamosi nitapaza sauti, nawe usikie.

Mumeo yule yule mbishi,
Baba Rehema