Chokaa ya Mzee Tranquilino

Santa Rufina, 11 Julai 1999

Kwa dada Eufrasia,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Mimi mzima, mke wangu Delfa mzima, meno yangu yamebaki kumi na tisa ila yote yanafanya kazi. Wewe je? Goti? Huko kiwandani bado mnashona suruali, au siku hizi zinajishona zenyewe? Miaka kumi na moja hatujaandikiana. Nimeona nianze mimi, maana ukianza wewe utaanza na matusi.

Dada, tetemeko la mwezi wa sita limetupiga. Watu wote salama, ila kanisa limevuliwa nguo. Ile simenti ya ukutani imedondoka vipande vikubwa kama milango, na nyuma yake tofali za udongo zimelowa, unaweza kuzichota na kijiko. Kaja injinia mwanamke kutoka mjini, akagusa, akanusa, akasema, "Simenti imefungia maji ndani. Ukuta wa udongo unataka kupumua. Nani aliwashauri hivi?" Watu wote wakaniangalia mimi. Mimi nikaangalia mnara.

Basi mji umekaa na kuamua msaragambo. Kila nyumba inatoa mtu siku moja kwa wiki, simenti ibanduliwe yote, irudi lipu ya chokaa kama zamani. Sasa hakuna anayejua marehemu baba, fundi wa lipu ile, alikuwa anaichanganya vipi. Wanachokumbuka ni kwamba alichanganya na wewe, mlango umefungwa. Mwaka huu tumefunika kuta kwa maturubai. Mvua za mwakani zikizikuta ziko uchi, injinia anasema kanisa linalala chini.

Niandikie, hata nusu karatasi.

Mdogo wako,
Hermilo


Tehuacán, 2 Agosti 1999

Hermilo,

Barua nimepata. Goti linauma, mengine yanakwenda. Msalimie Delfa, mpe na pole ya kuolewa na wewe.

Mwaka ule wa simenti, mji ulimwomba baba alipige kanisa lipu upya, naye akakubali. Wewe ukasimama mkutanoni ukasema, "Baba kanituma. Mikono yake inatetemeka, hawezi tena." Hakukutuma. Ulikuwa na lori la simenti nyuma ya soko. Baada ya hapo hakuna aliyemwita kwa kazi yoyote, hata ya kusiriba jiko. Miaka mitatu kila Jumatatu aliosha mwiko wake wa lipu, akakaa mlangoni kungoja, mpaka tukamzika.

Waambie hivyo, kwenye mkutano uleule, kwa mdomo uleule. Halafu ndiyo uniulize habari za chokaa.

Dada yako,
Eufrasia


Santa Rufina, 19 Oktoba 1999

Dada yangu,

Natumaini goti limepumzika. Sisi wazima, kanisa ndilo mgonjwa.

Tumejaribu wenyewe. Mzee Abundio, mwenyekiti wa kamati, aliapa kwamba alimwona baba akitia mayai. Tukapasua mayai mia mbili. Lipu ikakaa siku nne, ya tano ikashuka yote kwa pamoja juu ya kofia ya Mzee Abundio. Mbwa wa mji mzima wamehamia kanisani, wanalamba ukuta.

Kuhusu lile ulilosema. Jumapili nilisimama mkutanoni, kweli kabisa. Mwenyekiti akasema, "Hermilo, tunakusikiliza." Nikauliza habari za choo cha wafanyakazi. Sasa mimi ndiye mkuu wa choo.

Usinicheke. Mimi nauza mabeseni, vifaranga, betri, chochote. Watu hawa wananunua kwangu kwa sababu nawachekesha. Nikilisema hili hawatacheka tena, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua.

Mdogo wako,
Hermilo


Tehuacán, 30 Oktoba 1999

Hermilo,

Mimi mzima. Hongera ya choo.

Eufrasia


Santa Rufina, 23 Januari 2000

Dada,

Hujambo? Delfa anakusalimu, mimi sijambo isipokuwa mikono. Ile karatasi yako hukuandika "dada yako". Niliigeuza mbele na nyuma nikitafuta.

Nimesema. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwaka. Nikasema, "Baba yangu, Mzee Tranquilino, hakunituma. Kazi aliikubali, mimi nikawadanganya ili niuze simenti." Nilikuwa nimeandaa na kichekesho cha kumalizia. Hakikutoka.

Hakuna aliyefoka. Afadhali wangenipiga na viti. Mama Petronila, yule wa mikate, akasema hukohuko alikokaa, "Mwaka ule nilijenga tanuri. Nikaita fundi wa mbali, nisije nikamtesa mzee wa watu na mikono yake. Mzee mwenyewe akapita, akalitazama, akanipa hongera." Halafu akajifunika shali usoni.

Mzee Abundio akaniuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi simenti uliileta wewe, ibandue wewe. Sisi tutakusaidia Jumamosi."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine utasaidiwa na tindo."

Wiki ya tatu hii nagonga. Mabeseni hayauziki. Watu wananiamkia kwa adabu kama padri mgeni, dada, na hiyo ndiyo inaniuma kuliko malengelenge.

Juzi nimefika kwenye mlango wa sakristia, pale padri anapovalia. Chini ya simenti nikakuta lipu ya zamani, nyeupe, ngumu, tindo linarudi. Injinia akaigonga kwa kidole, akauliza, "Fundi wa hii yuko wapi?" Nikamwambia amekufa. Akavua kofia.

Siombi mchanganyiko. Nimeandika ujue tu kwamba nimesema.

Mdogo wako,
Hermilo


Tehuacán, 9 Februari 2000

Mdogo wangu Hermilo,

Barua yako niliisoma saa ya chakula, wenzangu wakaniuliza nani kafa. Pole na mikono. Paka mafuta ya nguruwe, ya kupikia, usione haya.

Nunueni chokaa ya mawe, siyo ya unga. Iloweke shimoni, msiiguse wiki saba. Kata majani mazito ya mpungate, yale ya miba, yakae kwenye maji siku tatu mpaka yavute kama mate ya ng'ombe, na ute huo ndio utakaokorogea. Mchanga utoke mtoni juu, kabla ya wanapofulia, uchekechwe mara mbili. Mayai kuleni.

Sasa na mimi niseme langu. Mikono ya baba ilikuwa inatetemeka. Wewe ulibuni, kumbe ndivyo ilivyokuwa, ila hukujua, hakuna aliyejua. Miaka minne ya mwisho ya kazi yake yeye alichanganya, mimi nikapaka. Tulifunga mlango ili watu wasione mwanamke juu ya jukwaa la ujenzi. Ule ukuta wa sakristia ni mkono wangu. Mwambie injinia avae kofia yake, fundi hajafa, anashona zipu.

Siku ile ulipomfungia baba kazi ulinifungia na mimi, na nisingeweza kulalamika bila kumwaibisha. Kwa hiyo nikakukasirikia mara mbili. Halafu nikakusimamisha mbele ya mji uungame peke yako, mimi nimekaa zangu huku. Haikuwa haki, mdogo wangu.

Namna ya kuipaka sijui kuiandika. Nimechana karatasi tatu.

Dada yako,
Eufrasia


Santa Rufina, 21 Februari 2000

Dada yangu Eufrasia,

Salamu kutoka kwa mji mzima, na hili silitii chumvi. Nisamehe, barua yako nimeisoma mkutanoni, nikaruka mafuta ya nguruwe tu.

Mzee Abundio akauliza, "Mwanamke juu ya jukwaa? Na sketi?"

Mama Petronila akamjibu, "Kwani wewe utakuwa chini unatazama nini? Tazama mayai yako."

Watu wakacheka mpaka padri akatoka kuangalia. Mimi sikucheka, nilikuwa nasikiliza wanavyocheka. Zikapigwa kura. Wanne walikataa, mmoja wao ni yule kiziwi, nadhani alidhani tunazungumzia choo. Kwenye orodha ya msaragambo wameandika juu kabisa: fundi mkuu, Eufrasia binti Tranquilino.

Chokaa iko shimoni tangu Jumatano. Delfa amefagia chumba cha baba. Wiki saba zikitimia nitakuwa kituoni, basi la Alhamisi, saa nane mchana. Usiposhuka, nitakuja Alhamisi nyingine, na nyingine. Nafasi ninayo.

Mdogo wako,
Hermilo


Kanisani Santa Rufina, 17 Aprili 2000, karatasi iliyoshushwa ndani ya ndoo kutoka jukwaani

Hermilo,

Hujambo huko chini. Nimekuita mara tano husikii, unawapigia watu soga. Chokaa hii nzito, ongeza ute. Mwambie Mzee Abundio aiachie ngazi, haianguki, na asiangalie juu.

Delfa akileta maharage, kuleni, msiningoje, nataka nimalize kipande hiki kabla hakijakauka.

Kesho unapanda na mimi, nikufundishe. Ukiharibu tutabandua tupake tena.

Dada yako