Jumamosi ya Japani Sebuleni Kwako

Dada Zainabu,

Watoto bado wanakuja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuuliza nani alilia sana mazishini.

Mumeo aliniachia ufunguo wa sebule, akasema Jumamosi zako zisizikwe nawe. Basi tunatandika mkeka uleule, watoto wa wenye maduka na wetu wa mashambani wanabanana, nami nasimulia hadithi za nchi za mbali. Desturi yako nimeishika: mlangoni mtoto anaacha jina lake, anachukua nchi. Huyu Misri, yule Brazili. Siku ya Uhindi niliunguza chapati. Walizila, wakidhani huko ndivyo zinavyoliwa.

Lakini mimi si wewe. Wewe ulimkaribisha kila mtu. Mimi kila anayebisha hodi namtazama mara mbili. Huko ng'ambo ya mpaka mambo yamezidi. Watu wanavuka mpaka na nguo za mwilini tu, na wanaowatafuta wanavuka nyuma yao. Mama Nabirye, yule uliyempa chumba nyuma ya duka baada ya askari wa kwao kumchukua mumewe, alikuwa bado yupo. Binti yake Nabirye ndiye aliyekuwa Japani wetu.

Jumamosi ya Japani akaja mwanamume. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Viatu ndivyo vilivyonitia shaka. Nani anatembea Busia kiangazi bila vumbi? Akasema anauza vitambaa, amesikia hadithi dirishani, zimempendeza. Nikampa kiti na chai, kama ungefanya wewe, ila nikamweka mahali ninapoiona mikono yake.

Alicheka watoto walipocheka. Macho yake hayakucheka. Yalipita uso kwa uso. Kisha akatoa peremende, akaanza kuwauliza majina.

Misri akajibu Misri. Brazili akajibu Brazili. Ilipofika zamu ya Nabirye, dada, mtoto akaanza kupiga magoti ili apokee, kama wasichana wa kwao wanavyolelewa. Goti hilo lingemwonyesha alikotoka. Nikamshika bega, nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Leo tuko Japani. Huko watu wanainama. Haya, wote."

Wakainama wote, vichwa vikigongana, wakicheka. Yule mtu akanigeukia, akaniita bibi kwa lugha ya huko ng'ambo.

"Nyabo, hawa watoto hawana majina ya nyumbani?"

"Jumamosi hawana."

Akamaliza chai yake polepole, akashukuru, akaondoka.

Nilimkuta Mama Nabirye jikoni, ameegemea ukuta. Alikuwa amemwona kupitia ufa wa mlango. Hakulia. Alisema tu, "Ndiye aliyekuja na gari siku ile walipomchukua mume wangu."

Siku ya soko niliwachanganya mama na binti na akina mama wenye ndizi na mihogo, tukafika Butula kwa dada yangu. Wako salama. Nabirye ameingia shule, na nasikia anawafundisha wenzake kuinama. Yule mtu alionekana Malaba akiulizauliza, halafu hakuonekana tena.

Ila mtu yule hakuletwa na upepo, Zainabu. Kuna aliyemwambia. Nimemfikiria muuza maziwa, nimemfikiria jirani wa ng'ambo ya barabara anayeniuliza kila mara Japani ameenda wapi. Siku moja nilimfikiria hata mumeo, yeye ambaye bado anakunja kanga zako kila asubuhi. Nilirudi nyumbani nikakaa, nikashindwa kula. Hivyo ndivyo shaka inavyomfanya mtu, na sijui nitaitoa vipi.

Pumzika, dada. Udongo wa Busia ukubebe vizuri. Nakuahidi mlango wako hautafungwa. Nimehamisha kiti changu, nimekiweka pale pale penye mlango. Nitasimulia nikiwa hapo, na watoto waendelee kudhani kwamba napenda upepo.

Wako,
Mama Wafula