Mikono Mitupu

Kawetele, Rungwe
14 Januari 2024

Kaka Lugano,

Ugonile. Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi, nguo zinanuka moshi maana tunazikaushia jikoni. Shemeji yako Jackson anakusalimu, na watoto wanauliza mjomba atarudi lini. Najua hii ni WhatsApp, lakini naanza na salamu kwa sababu baba hakuwa anajibu ujumbe usio na salamu, hata nyumba ingekuwa inaungua.

Watu bado wanakusema. Wanasema mtoto wa kwanza wa Mzee Amoni alikuja kumzika baba yake na deli la barafu mkononi badala ya blanketi, akamtoa marehemu damu huku wazee wamesimama mlangoni na maji ya kumwogeshea. Nimekutetea. Nimewaambia kaka yangu ni daktari wa virusi huko Ujerumani, akishika jambo haachii. Shangazi akasema hata kupe yuko hivyo. Nilicheka, nisamehe.

Sasa nina swali, na ni la Jackson kuliko langu. Baba aliugua siku chache baada ya kumvuta ndama aliyefia tumboni mwa ng'ombe wetu Neema. Unajua kwetu ng'ombe hazalishwi kwa glovu. Mwenye zizi anapaka mafuta mkono wake mtupu na kuuingiza, na anayevaa glovu anaambiwa anamwonea kinyaa anayemlisha. Baba hayupo, kwa hiyo mkono wa zizi sasa ni wa Jackson, na ng'ombe wetu mwingine, Sekela, ana mimba, atazaa Mei. Jackson anaogopa. Mbele ya wanaume wenzake hawezi kusema, ndiyo maana nasema mimi.

Ulichukua damu ya baba, ukachukua na kondo la nyuma la Neema. Umeona nini? Amvute huyo ndama au asimvute?

Mdogo wako,
Ikupa

*

Ujerumani
2 Machi 2024

Mdogo wangu Ikupa,

Ndaga fijo kwa salamu zako. Mimi mzima, baridi tu na kazi. Msalimie shemeji Jackson, mwambie nakumbuka parachichi zake, za huku hazina ladha. Wabusu watoto.

Samahani nimechelewa kujibu. Kwenye vile vichupa kuna kitu, Ikupa. Ni kirusi ambacho hakijaandikwa na mtu yeyote popote duniani. Siku nilipokiona nililia palepale maabarani, nikamshukuru baba.

Ngoja nikueleze ili uelewe ninachokuomba. Huku mtu wa sayansi hapimwi kwa alichokigundua, anapimwa kwa mara ngapi wenzake wamemnukuu. Mtu yuko Brazil anaandika makala yake, anafika mahali anasema, kama alivyoonyesha Amoni. Hapo umehesabiwa. Mimi kwa miaka yote hii nimekuwa kama mwimbaji wa safu ya nyuma, kwaya ikishangiliwa naambiwa na wewe piga makofi. Mkataba wangu unajadiliwa mwisho wa mwaka, na wataangalia namba hiyo tu. Kuna kundi la Wadenishi wanakifukuzia kirusi cha ukoo huohuo. Likivuja neno moja, bwana mifugo akapiga simu wizarani, wataitwa wao, na mimi nitakuwa nimemzika baba bure.

Kwa hiyo usimwambie mtu. Kuhusu Sekela, bado ni mapema kusema lolote kwa uhakika. Fanyeni kama kawaida.

Kaka yako,
Lugano

*

Makandana, wodini
20 Mei 2024

Kaka, shikamoo.

Natumaini uko salama. Sisi si salama sana.

Sekela naye alizaa ndama mfu wiki iliyopita. Alihangaika tangu asubuhi, mwisho Jackson akavua shati. Nilimshika bega nikamwambia tumwite bwana mifugo kwanza. Mzee Anyosisye alikuwa ameegemea uzio, akasema siku hizi wanaume wa Kawetele wanaomba ruhusa kwa wake zao. Basi Jackson akaingiza mkono. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu wewe mwenye kujua ulikuwa umeshasema tufanye kama kawaida.

Sasa ana homa, macho mekundu kabisa, na tangu jana anatoka damu kwenye fizi. Nimemleta kwa bodaboda nikiwa nimemshikilia kwa nyuma asidondoke. Malaria wamepima, hakuna. Madaktari wananiuliza baba alikufa na nini. Nawaambia yupo anayejua. Wanauliza nani, nawaonyesha picha yako.

Namba ya daktari hiyo hapo chini. Mpigie. Kama kile kitu kina jina, mtajie, na kama hakina, mweleze unachokijua. Sitasema ni wewe uliyevujisha. Kaka, nakuomba.

Mdogo wako,
Ikupa

*

Kawetele
27 Mei 2024

Kaka Lugano,

Ugonile.

Jackson amefariki juzi. Tumemzika leo kwao Isongole. Ujumbe wangu wa wodini una tiki mbili za bluu, kwa hiyo naona macho yako ni mazima.

Ikupa

*

Ujerumani
11 Novemba 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za siku nyingi. Natumaini hujambo na watoto hawajambo, na mahindi yamekubali mwaka huu. Mimi nashukuru Mungu.

Poleni sana kwa msiba wa shemeji. Nimekaa na jambo hili moyoni muda mrefu. Naomba unielewe, jarida lilikuwa limetukataza kusema lolote mpaka makala itoke, na daktari angeuliza maswali mengi. Halafu ikawa mikutano juu ya mikutano. Nilijua wewe ni mtu mzima, utaelewa.

Sasa nikupe habari njema, maana baada ya dhiki faraja. Makala imetoka Juni na imepokelewa vizuri mno. Naandikiwa na watu nisiowajua. Katika miezi hii michache nimenukuliwa kuliko miaka yangu yote ukiijumlisha pamoja. Wadenishi walichelewa, sisi tuliituma tangu Februari, wao Aprili ndio kwanza wanaanza kupiga simu. Na unajua sentensi inayonukuliwa zaidi ya zote ni ipi? Ni ya mwisho kabisa, niliiandika mwenyewe: "Wafugaji waonywe mara moja wasimzalishe ng'ombe kwa mikono mitupu." Mwenyekiti mmoja alinitambulisha kwa sentensi hiyo ukumbini, watu wakasimama. Nilitamani baba angekuwepo.

Mwisho wa makala nimeishukuru familia moja ya Kawetele. Ndio ninyi hao.

Kuna ombi dogo. Wewe ulimuuguza baba, ukamuuguza na shemeji, na hukuugua. Damu yako ina kitu ambacho watu wengi wangependa kukiona. Rafiki yangu wa Mbeya atakuja na deli, ni vichupa vitatu tu. Nikipata makala ya pili kabla ya mkataba kujadiliwa, hakuna atakayenigusa tena. Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu.

Kaka yako,
Lugano

*

Kawetele
24 Novemba 2024

Kaka Lugano,

Ugonile. Mimi mzima, watoto wazima, ng'ombe hawapo, tumewafukia. Hizo ndizo salamu. Nimekupa usije ukasema sikulelewa.

Barua yako nimeisoma mara moja, imenitosha. Februari uliandika kwamba mkono mtupu unaua, na kwamba tuonywe mara moja. Ukawaandikia watu wa Brazil. Machi ukaniandikia mimi tufanye kama kawaida. Nilikuuliza swali la ndiyo au hapana, kaka, na jibu ulikuwa umeshalifunga na kuwapelekea wengine. Nakuchukia. Nimejaribu neno jingine, silioni.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Isongole kuwarudishia wakwe zangu nguo za mtoto wao. Baba mkwe aliniuliza taratibu, bila ugomvi, kwa nini nilimwachia mume wangu aingize mkono wakati nilikuwa naogopa. Nikafungua simu nikawasomea ujumbe wako wa tarehe mbili Machi kama ulivyo, kuanzia salamu mpaka jina lako. Mama mkwe akaniomba nirudie yale maneno matatu ya mwisho. Nikarudia. Baba mkwe akasema kikulacho ki nguoni mwako, akachukua jembe akaenda kwenye viazi vyake. Huko nako umenukuliwa, uongeze kwenye hesabu yako.

Kuhusu damu yangu, rafiki yako asijisumbue. Wadenishi walikuja mwanzoni mwa mwezi huu pamoja na bwana mifugo. Kabla sijakunja mkono wa gauni niliwauliza, mkiona kitu mtatuambia lini. Mkuu wao ni mama mtu mzima, akasema ninyi kwanza, makala itasubiri. Sikumwamini, maana hata wewe una sauti nzuri. Lakini jioni ileile aliita mkutano shuleni, akaeleza kila kitu, akagawa glovu. Mzee Anyosisye amezivaa mpaka kilabuni.

Kwa hiyo nimewapa damu. Nimewapa na kondo la Sekela, lililokuwa kwenye friza ya bwana mifugo tangu Mei. Nikamwonyesha yule mama ujumbe wako wa Machi. Aliomba utafsiriwe mara mbili, akaupiga picha, akaniuliza kama ruhusa ninayo ya kuutoa. Nikamwambia ni wangu, niliandikiwa mimi.

Kaburi la baba nitalipalilia mwenyewe.

Mjane wa Jackson,
Ikupa

*

Ujerumani
24 Novemba 2024

Ikupa,

Ndio nimeuona ujumbe wako sasa hivi, nimetoka nje ya kikao. Mengine tutayaongea. Nijibu haya tu, tafadhali, haraka: walichukua vichupa vingapi? Kondo lilikuwa bado limeganda? Na wamesema makala yao wataituma lini?

Mkataba wangu unajadiliwa Ijumaa.

Dkt. Lugano Amoni